Walioketi Nje Hawakukusikia

Songea, Jumamosi jioni

Mwanangu Skola,

Salamu sikuandikii. Tumesalimiana asubuhi, ukaniamkia mswaki ukiwa mdomoni, nami nikaitika marahaba huku nimekasirika, na mpaka sasa hasira haijaisha. Nimekaa chumbani kwetu, juu ya kitanda chako. Wewe umekwenda Mjimwema kumuaga bibi mzaa mama, na mama yako yuko jikoni anakaanga maandazi ya safari. Begi lako jekundu limeshafungwa. Gitaa liko chini ya kitanda hiki, limeviringishwa shuka, pale pale ulipolisukuma kwa mguu. Kwa mguu, Skola. Nilikuona.

Unajua kwa nini naandika badala ya kusema. Juzi baba yako aliwatoa watu wote sebuleni, akatandika mkeka, akasema binti haondoki katika nyumba hii kabla shangazi yake hajakaa naye. Shangazi za wenzako wana mvi na miwani. Wewe umepata wa miaka kumi na minane, aliyemaliza shule hata sare haijachakaa, anayekuzidi umri kwa mwaka mmoja na wewe unamzidi urefu kwa kichwa kizima. Tukakaa. Ulinitazama, nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Nyuma ya mlango nilisikia watu wanavyojizuia kukohoa. Mwishowe nikakuambia usisahau mswaki. Ukacheka mpaka ukalala kwenye mkeka. Nilipotoka, baba yako akaniuliza kama nimekuambia, nikamjibu kwamba nimekuambia.

Sikukuambia. Alichonituma nikuambie ni kwamba umefanya vizuri kuachana na gitaa, na kwamba huko Iringa ushike cherehani kwa mikono miwili. Nisingeweza kukitoa kinywani. Si kwa aibu tu, ingawa aibu yangu unaijua. Ni kwa sababu ningekuwa nakuaga kwa uongo.

Mambo ya soksi na baridi ya Iringa na kutokula kwa watu usiowajua mama yako atakueleza, na atakueleza tena ukiwa dirishani kwenye basi. Mimi nina jambo moja tu.

Na cherehani sina ugomvi nayo. Mama yako mkubwa utakayekaa kwake ni mtu mwema, chuo cha ushonaji kina walimu wazuri, na nguo wewe unazipenda. Ungekuwa unakwenda kwa sababu ya kupenda kushona, ningekupigia vigelegele, hata kama vigelegele vyangu havivuki kizingiti. Lakini unakwenda kwa sababu umeamini kwamba gitaa hulijui. Umeamini jambo ambalo halikutokea, na kila nilipojaribu kukueleza ulinikata kauli ukidhani nakubembeleza. Leo huwezi kunikata. Kaa usome.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda shule ya msingi? Baba yako ni kifungua mimba na mimi ni kitinda mimba. Mama alinizaa wakati kaka ameshapeleka posa kwa kina mama yako. Baba yetu alipofariki, kaka akanichukua, tukakua mimi na wewe tukila sahani moja. Kila asubuhi walikulazimisha uniamkie. Nawe ulikuwa na kisasi chako: ulisubiri tufike njiani, wenzetu wakiwa wengi, ukapiga goti vumbini ukasema kwa sauti kubwa, "Shikamoo, shangazi." Watu wakavunjika mbavu. Mimi kwa kulipiza nikawa nakuita mwanangu. Lilianza kama tusi. Sijui liliacha lini kuwa tusi. Labda ni siku ile uliyopigana na yule mvulana aliyeninyang'anya kalamu, ukarudi damu inakutoka puani, ukasema nisijisifu, umepigana kwa ajili ya kalamu.

Wewe sauti unayo tangu mtoto. Mimi sikupewa. Ndiyo maana tulipojiunga na kwaya nilikimbilia nyuma ya ile nguzo, kwenye miksa ya sauti, kwa sababu hakuna anayemtazama fundi mitambo mpaka spika zipige mluzi. Wewe ukachukua gitaa baada ya yule kaka aliyekuwa akipiga kuhamia Tunduru kwenye korosho. Hukumwomba mtu. Ulilivaa tu Jumamosi moja, na kabla Mwalimu Hyasinti hajajua aseme nini kama mwalimu wa kwaya, ulikuwa umeshaanza.

Kile kisanduku cha dilei nilikikuta mimi stoo, chini ya nyaya mbovu. Kina tundu moja la gitaa kuingilia na mawili ya kutokea, na miaka yote watu walitumia moja. La pili lilikuwa na utando wa buibui. Nikajiuliza kwa nini wachonge mawili kama moja linatosha. Basi nikapeleka moja kwenye spika ya upande wa akina mama, jingine kwenye spika ya upande wa akina baba, nikakuambia upige.

Nilikosea mara ya kwanza hiyo hiyo. Kisanduku kinatoa sauti upande mmoja papo hapo, na upande wa pili kinaichelewesha kidogo, kadiri utakavyokiamuru. Mimi nilikiamuru kichelewe sana. Ukaacha kupiga, ukageuka, ukasema, "Shangazi, kuna mtu ananifuata na kandambili." Nikapunguza. Bado kandambili. Nikapunguza tena, nikapunguza, mpaka ikafika kama ishirini, yaani ukiikata sekunde moja vipande elfu, uchukue ishirini tu. Kandambili zikanyamaza. Lakini lile gitaa la pili lilikuwa halijaondoka. Lilikuwa limeingia ndani ya la kwanza. Gitaa likatoka kwenye spika, likawa halikai mahali. Likaenea kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na katikati likaacha nafasi, na sauti ya mwimbishaji ikaingia pale ikasimama peke yake bila kusukumana na mtu. Ukaacha kupiga tena. Uliangalia juu, kwenye paa. Ni siku moja tu katika maisha yangu niliyokuona umekosa neno.

Nikakosea na mara ya pili. Wale wazee wa besi walilalamika kwamba gitaa limehamia kwa akina mama. Na kweli lilikuwa limehamia. Sikio ndivyo lilivyo: pande mbili zikisema jambo lile lile, linakwenda kwa aliyetangulia, na anayefuata haonekani. Ikabidi ule upande unaochelewa niuongeze sauti kidogo, ndipo wazee wakatulia. Nakumbuka nilikereka hata siku hiyo, kabla ya haya mengine yote. Kwamba anayetangulia anasikika hivi hivi, na anayefuata mpaka aongeze sauti.

Sasa siku ya somo wa parokia, sikukuu ya mtakatifu wetu. Najua hutaki niitaje. Naitaja.

Watu walijaa mpaka wakawekewa turubai nje, na kule nje wakawashiwa zile spika kuukuu za bati zenye mdomo wa tarumbeta. Zile za bati zinakula waya mmoja. Miksa inachukua upande wa akina mama na upande wa akina baba, inazimimina pande zote mbili pamoja kwenye waya huo mmoja. Hilo nilikuwa nalijua. Na nilijua pia, kwa sababu nilikwishalijibu kwenye mtihani wa Fizikia na kuchora mchoro wake vizuri kabisa, kwamba mawimbi mawili yanayofanana, moja likichelewa kidogo, ukiyapitisha njia moja, mahali linapopanda hili linashuka lile, na yanakulana. Zile sauti nene za gitaa zinaliwa. Kinachobaki ni mkwaruzo, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali.

Ndani ulikuwa na mbawa, Skola. Nje ulikuwa unakwangua sufuria. Kwa wakati ule ule, kwa vidole vile vile.

Ningejua kama ningetoka nje nikasikiliza. Ndiyo kazi ya fundi mitambo, ndiyo kazi yenyewe hasa: kuinuka kwenye kiti na kwenda kusimama mahali wanapokaa wengine. Lakini kutoka pale nguzoni hadi mlangoni ilibidi nipite mbele ya watu wote, mbele ya mapadre wageni, wakati wa Utukufu, na gauni jipya alilonishonea mama yako ambalo lilikuwa likinibana mabegani. Nikakaa. Nikafumba na macho, mpumbavu mimi, nikijisikia raha. Nimefikiri sana kuhusu lile gauni. Hakuna ambaye angeliangalia.

Mwalimu Hyasinti alikuwa ametoka kupanga maandamano ya kupeleka vipaji altareni. Akasikia bati. Aliporudi ndani wimbo ulikuwa umeshaisha, kwa hiyo cha ndani hakukisikia. Akachukua maiki akasema, kwa upole kabisa, kama anayeomba watu wasogee kwenye benchi: "Gitaa lipumzike."

Maneno mawili tu. Ukachomoa waya, ukakaa, ukaweka mikono chini ya mapaja. Kinanda kikaendelea hadi mwisho wa misa, nami nilikuwa nyuma ya nguzo nikigeuza vitufe ambavyo havikuwa na kosa.

Nina hasira na maneno yale mpaka leo. Angesema limeharibika, ningeelewa. Angeniita mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye vidole vyako kwa sababu ni vya msichana, na hakufikiri mara mbili. Yule kaka wa korosho alipokuwa akikosea walikuwa wanakagua waya kwanza.

Halafu kikao cha kwaya cha Jumatano. Simu ikazungushwa, ile video iliyochukuliwa chini ya turubai, kila mtu akisikiliza mkwaruzo na kutikisa kichwa. Mwalimu akasema labda mabinti warudi kwenye kuimba, nyuzi za chuma zinataka mkono mzito. Nikasimama. Hilo nakuomba ulikumbuke, kwamba nilisimama. Nikasema, "Mwalimu, si vidole vyake. Ni mashine, na niliyeiwasha ni mimi."

Akasema, "Eti?"

Nikarudia. Nikaeleza waya wa nje, nikaeleza kwamba ndani ilisikika tofauti. Nilikuwa naeleza vizuri, Skola, kwa mpangilio, kama darasani. Mwalimu akatabasamu, akawageukia wengine akasema, "Haya, shangazi amesema." Basi wakacheka. Mama Adelina wa sauti ya pili akamwambia Mwalimu, "Sasa ulitaka aseme nini? Shangazi gani atamtoa mwanawe kafara?" Akanivuta mkono nikae, akanipigapiga begani, akaniambia nimefanya kazi yangu vizuri.

Hawakunidharau. Ndicho kinachoniunguza. Walinicheka kwa upendo. Wangeninyamazisha kwa ukali, ningejua wanaogopa nilichosema. Lakini wao walisikia shangazi anafanya yanayompasa shangazi, na waya hawakuusikia kabisa. Fundi yeyote wa kupita njia angesema maneno yale yale wangemfuata mpaka stoo. Mimi ukoo uliniziba mdomo.

Na wewe? Njiani kurudi ukanishika mkono, ukasema, "Asante, shangazi, umenitetea."

Nilitamani nikupige. Sikukutetea. Nilieleza habari za waya.

Nikakupa flashi yenye sauti ya ndani niliyokuwa nimeirekodi kwenye miksa siku ile ile. Ukasikiliza nusu wimbo, ukanirudishia, ukasema fundi mitambo akiamua hata mbuzi anaimba. Basi wewe nawe ukawa upande wao.

Labda ungepona polepole, ungerudi kulishika, kama si baba yako. Baba yako unamjua, maneno yake hutoka watu wameshatawanyika. Mama yetu alipofariki, alikuja kuniambia pole matanga yameshaanuliwa, majirani wamerudi kwao, mimi nikiwa nafua. Nilipofaulu kuingia kidato cha kwanza alinipongeza nikiwa nimeshazoea njia ya shule. Na hili nalo alilinyamazia, tukadhani limepita. Ulikuwa umeanza kuligusa gitaa jioni, taratibu. Ndipo akasema, tukiwa tunakula, bila ukali wowote: "Mwanangu, nilikuwepo pale. Nilisikia kwa masikio yangu. Vidole vyako si vya gitaa, na si aibu."

Ukaacha kula. Usiku ule gitaa likaenda chini ya kitanda, na wiki haikuisha ukakubali Iringa.

Ningemchukia angekuwa amedanganya. Lakini kweli alikuwepo. Alikuwa kamati ya chakula, amesimama kwenye sufuria la pilau, na spika ya bati iko juu ya kichwa chake. Alichosikia alikisikia. Nimezunguka na jambo hili siku zote hizi nisijue nimkasirikie nani, kwa sababu kila mmoja ana kweli ya mahali alipoketi, na katika kweli zao zote wewe ndiye uliyepotea.

Leo mchana ulipotoka tu kwenda kwa bibi, nilimkuta nyuma ya nyumba anafunga kamba boksi la maharage ya kumpelekea mama yako mkubwa. Akaniuliza bila kuinua kichwa kama nilikuambia yale maneno yote. Nikasema sijakuambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli."

Akaendelea kuvuta kamba. Akasema, "Fausta, nilisikia mwenyewe."

Hapo ikanitoka sauti ambayo sijawahi kukutana nayo. Nilimwambia, "Ulisikia nje, kaka. Ulikuwa nje." Kuku walikimbia. Mama yako alitoka jikoni ameshika mwiko. Kaka alinitazama kama mtu aliyeanguka kutoka kwenye dari. Yule ndiye aliyenilea, Skola. Sijawahi hata kumjibu bila kuinamisha macho. Nikasema tena, chini kidogo, kwamba avae viatu twende kanisani, na kama tukitoka huko bado anataka nikuambie uache gitaa, nitakuambia neno kwa neno, kwenye mkeka.

Akavaa viatu.

Kanisani tulimkuta Mama Adelina anapanga maua ya kesho. Nikawasha mitambo, nikachomeka flashi, nikampeleka kaka nje, nikamsimamisha pale pale palipokuwa na sufuria la pilau, bado majivu yapo. Nikarudi nikauanzisha Utukufu. Bati likakwaruza. Nilipotoka alikuwa anatikisa kichwa. Akasema kwa huzuni, "Ndiyo hiyo. Ndivyo alivyopiga."

Nikamshika mkono wa shati, kaka yangu, nikamvuta mpaka ndani, nikamweka katikati, kwenye ile njia kati ya mabenchi. Sikugusa kitufe kingine. Niliurudisha wimbo mwanzo, basi.

Ukaingia, Skola. Kutoka ukuta hadi ukuta. Kuna pale kwenye ubeti wa pili unaposhuka na ule uzi mnene, unaukawiza halafu unauachia, mimi huwa nasisimka kila mara na nimeusikia mara zisizo na idadi. Mama Adelina akasimama na maua yake mkononi, akauliza, "Huyu anayepiga ni nani? Mmeleta mtu kutoka Dar?"

Kaka akasema, "Ni Skola."

Akatoka nje mwenyewe, bila mimi. Akasikiliza bati. Akarudi ndani. Akatoka tena. Alikuwa kama mtu anayetafuta ufunguo mahali alipokwisha kutafuta. Mwisho akakaa pembeni mwa benchi la akina baba, akaweka viganja kwenye magoti, akasema, "Rudisha mwanzo." Nikarudisha.

Mama Adelina alisema yeye mwenyewe atamweleza Mwalimu. Nilimwambia asijisumbue. Funguo za stoo ninazo mimi. Jumatano Mwalimu atatembea kwa miguu yake, nje kisha ndani, na wote waliocheka watatembea nyuma yake, na mpaka hapo hakuna atakayeimba na maiki. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, mama." Hakunipiga bega.

Na kosa lenyewe, nikueleze lilivyo dogo, ili ujue nimejikasirikia kiasi gani. Ule waya wa nje unatakiwa upewe upande mmoja tu, ule usiochelewa. Basi. Leo nimeubadilisha kabla Mama Adelina hajamaliza chombo kimoja cha maua. Nikatoka nje kusikiliza, nikapita katikati ya kanisa na mgongo umenyooka, na bati lile kuukuu likakutoa vizuri. Bila mbawa, lakini ni wewe.

Kisanduku ni cha kwaya, siwezi kukupa. Huko unakokwenda utakuta kingine au hutakuta. Ukikikuta, kabla hujapiga uliza sauti inakwenda nje kwa njia moja au mbili. Wakikuambia moja, kizime, mkono wako unatosha. Wakikuambia mbili, anzia ishirini, na upande unaochelewa uuongeze kidogo ili wazee wasinune. Halafu toka. Mpe mtu gitaa akupigie hata kama hajui, wewe nenda ukasimame walipo watu wa nyuma, na walipo wa nje, na walipo wapishi. Mimi sikwenda, na ona lilikofika. Na mtu akikuambia ulivyo, kwanza muulize alikuwa ameketi wapi.

Tukarudi nyumbani, mimi na baba yako, mpaka karibu na uzio wetu. Pale akasimama. Akasema, "Mwambie alichukue."

Nikasema, "Mwambie wewe."

"Wewe ndiye shangazi yake."

"Na wewe ndiye uliyemwambia vidole vyake si vya gitaa."

Alipapasa ule mti wa uzio kama anatafuta mahali ulipooza. Nilidhani nimevuka mpaka, ningojee kofi ambalo hajawahi kunipiga. Kisha akasema, "Nitamwambia stendi."

Namjua, nawe unamjua. Stendi atashughulika na boksi la maharage, atabishana na kondakta wapi liwekwe, atakuuliza kama umebeba maji. Dereva ataungurumisha basi, watu watapanda, na yeye bado anarekebisha kamba. Lile neno litakuja mwisho kabisa, mlango ukiwa unafungwa. Ukilisubiri ndipo ulichukue gitaa, gitaa litakuwa huku Songea chini ya kitanda na wewe uko ndani ya basi.

Kwa hiyo ulichukue usiku huu huu. Mimi sikulitoa. Nimeinama, nimeliona, nimeliacha pale pale. Ulilisukuma wewe, utalivuta wewe, na ulivute kwa mkono. Nitajua asubuhi nitakapoona begani una nini, na sitakuuliza, maana nitakuwa nimerudi kuwa yule shangazi wa mswaki.

Hili ndilo nililotakiwa kukuambia kwenye mkeka: unajua kupiga. Nimelisema mimi kwanza, na kwa mara ya kwanza naomba unisikie hivi hivi bila kuongeza sauti. Baba yako atasema lile lile. Atachelewa kidogo tu. Simama kwenye ngazi ya basi, usiingie, hata kondakta akipiga kelele. Msubiri.

Shangazi yako,
Fausta